Neno "Kujiendekeza" na Hukumu Zetu

Endekeza ni mjukuu wa kitenzi enda. Twasema njia haiendeki, maana haipitiki. Naye aendekezaye huifanya njia ipitike. Ni kitendo cha mwenye mamlaka juu ya mwingine: mzazi humwendekeza mtoto, lakini mtu usiye na amri juu yake waweza kumvumilia tu. Kiambishi -ji- kikiingia, nafsi hugawanyika mbili, mlezi na mlelewa, na lawama humwangukia mlezi aliyelegeza kamba. Hapo ndipo neno hili linapoachana na tamaa, ambayo humjia mtu bila kubisha hodi.

Washairi wa kale waliujua mgawanyiko huo. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir auhutubia moyo wake kama mzee amwonyaye kijana, akiuonyesha magofu ya majumba ya Pate. Aonyaye na aonywaye wakaa katika kifua kimoja. Ndiyo maana maonyo yale hayatuchomi kama matusi.

Sisi tumeligeuza neno kuwa kidole cha kumwelekezea mwingine. Karani akichelewa kazini huandikiwa kwamba anajiendekeza, hata kama basi halikupita. (Lugha ya majalada hupenda maneno yafungayo mjadala.) Tena tumewasikia wasomaji wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, wakimaliza habari ya Rosa kwa neno hilo hilo: alijiendekeza, akaangamia.

Hukumu hiyo hatuikubali. Rosa alilelewa kwa kipigo na baba mlevi, Zakaria. Barua ya mvulana ilitosha kumtia matatani. Hakuachiwa hata siku moja kuiongoza nafsi yake. Alipokwenda kusoma mbali na nyumbani, ndani yake hamkuwa na mlezi wa kulegeza kamba, kwani kamba yote ilikuwa imebaki mkononi mwa Zakaria. Atajiendekezaje mtu ambaye hajapata kujiongoza? Kama yuko anayelistahili neno hilo katika kitabu kile, basi ni Zakaria mwenyewe, aliyeiacha pombe imtawale huku akidai adabu kwa wanawe. Ajabu ni kwamba katika mazungumzo yetu juu ya riwaya hiyo yeye huitwa "mkali" tu; na ukali tumezoea kuuhesabu upande wa malezi.