Chukudu ya Mtu Mrefu: Namna ya Kuitambua Iliyo Njema

Pikipiki itokayo kiwandani, iwe ya Uhindi au ya Uchina, huja imekwisha kukatiwa kimo chake, na mtu mrefu wa Goma aliyejaaliwa kuinunua hana budi kuukunja mwili wake aufuate mtambo. Ataongeza sifongo juu ya kiti, atauinua usukani kadiri utakavyokubali, na baada ya takalufu zote hizo magoti yake yatazidi kugombana na tangi la mafuta. Chukudu haina udhuru huo. Huchongwa na seremala mbele ya macho ya mnunuzi, kwa shoka, msumeno na randa, na kila shibiri yake huweza kuongezwa au kupunguzwa kabla ya msumari wa mwisho kupigwa. Kwa hiyo mrefu akiondoka na chukudu inayomtesa kiuno, lawama haina pa kwenda ila kwake yeye aliyeipokea.

Kwa ajili ya msomaji aliye mbali na Kivu, yafaa kueleza kwamba chombo hiki ni gogo lililochongwa likawa kitako kirefu, kadiri ya mita mbili, likawekwa juu ya magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa raba ya tairi kuukuu, na mbele likasimamishiwa usukani wa mti. Kilianza kuonekana katika miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire, yaani Kongo ya leo, ulipokuwa ukididimia, na tangu hapo ndicho kinachoteremsha viazi, kabichi, maharagwe na makaa kutoka Kibumba na pande za Rutshuru hadi masoko ya mjini, shehena ya kilo 400 na zaidi ikiwa si ajabu. Heshima yake ni kubwa hata mwaka 2009 Rais Joseph Kabila aliizindua sanamu yake, yenye rangi ya dhahabu, katika mzunguko wa barabara mjini Goma. Lakini sanamu haiumwi mgongo, na sisi hapa twazungumza na wenye migongo.

Kosa la wengi ni kupima urefu wa mtu kwa kichwa chake, hali kichwa hakina kazi yoyote juu ya chukudu. Anayeiendesha hupiga goti moja juu ya mto mdogo uliopigiliwa kitakoni, na kwa mguu wa pili huisukuma ardhi. Basi kipimo cha kwanza, nacho ndicho mama wa vipimo vyote, ni umbali wa kutoka goti hadi unyayo. Mto wa goti ukiwa chini mno ya kimo hicho, mguu unaosukuma hubaki umekunjwa muda wote, na paja huwaka moto kabla safari haijafika nusu. Ukilingana nacho kabisa, mguu hunyooka ukakosa wasaa wa kupiga hatua ya mbele na ya nyuma, na mtu huishia kudonoa ardhi kwa vidole. Mto mwema hukaa chini ya kimo cha goti kwa upana wa vidole vinne hivi. Na ikiwa ni lazima kuuinua, mwambie fundi aongeze kipande cha mti chini ya mto peke yake, wala asikiinue kitako kizima kwa magurudumu makubwa, kwa kuwa mzigo uliopanda juu hutafuta kuanguka.

Kipimo cha pili ni cha mikono, nacho sharti kichukuliwe mara mbili. Ukiwa umepiga goti, viwiko viwe vimelegea kidogo na mgongo umenyooka. Kisha shuka, usimame ubavuni kana kwamba unakikokota chombo kupanda mlima, maana huko ndiko warefu wanakovunjika viuno, wakiinamia usukani uliofanyizwa kwa mtu wa kimo cha wastani. Ila usukani ukirefushwa, nguvu ya kuukongoa huzidi pale mti wake unapopita katika kitako. Kwa hiyo nguzo ndefu na iwe nene pia, na tundu lake lisiwe karibu na ukingo.

Tukija kwenye mti wenyewe, mkaratusi ndio ulioenea, na mumba husifiwa kwa ugumu. Mkaratusi una tabia ya kupasuka unapokauka, basi usinunue kitako kilichochongwa kibichi, kwani ufa usioonekana leo utafunguka baada ya jua la majuma machache. Inama uzitazame nyuzi: ziwe zinakwenda na urefu wa gogo, na penye mpindo zipinde pamoja nao, maana mpindo uliozaliwa na mti hubeba, na uliokatwa kwa msumeno dhidi ya nyuzi huvunjika. Kifundo kilicho katikati ya kitako chaweza kusamehewa. Kilicho karibu na bolti hakisamehewi kamwe.

Magurudumu yana mtihani wake. Mji wa Goma umejengwa juu ya zaha, na mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002 uliongeza nyingine hata katikati ya mitaa, ikagandamana ikawa mawe makali yanayokula raba na kurudisha kila kishindo kwenye goti. Inua upande wa mbele, lizungushe gurudumu kwa kidole, ukalisikilize: beringi safi hutoa sauti moja isiyobadilika, na yenye mchanga hukwaruza mahali pamoja kila mzunguko. Itazame na breki, ambayo aghalabu ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma kinachokandamizwa kwa mguu. Mwenye mguu mrefu akikifikia kwa kisigino badala ya unyayo, breki hiyo imewekwa pasipo pake, na mteremko wa Kibumba hautampa nafasi ya pili.

Hayo yote yakishatimia, bado usihukumu. Chukudu tupu humpendeza kila mtu; tabia yake hudhihirika inapobebeshwa, kwa sababu mzigo humsogeza mwendeshaji, hubana nafasi ya paja lake na kuubadilisha uzito wa usukani. Omba magunia mawili ya viazi, au mawe ya uzito huo, uyafunge kama utakavyoyafunga siku ya soko, uende nayo mpaka goti lianze kusema. Mwambie fundi asiupigilie mto kwa dhati kabla ya jaribio hilo. Fundi mstadi atakubali bila kununa, kwa kuwa ajua kwamba kazi yake haijesha mpaka mwili wa mwenyewe umeikalia. Na anayekataa, hata kama ameipaka chukudu yake rangi na kuitia nakshi, muage kwa adabu uende kwa jirani yake.