Filta ya Oili: Kazi Yote Iko Kwenye Mpira

Fundi wa Dar es Salaam akikwambia "nimemwaga oili", unaelewa kwamba na filta imebadilishwa. Unalipa ukiamini hivyo. Dereva mmoja wa teksi za mtandao, mkazi wa Tabata, aliacha kuamini siku alipoinama chini ya gari lake akakuta filta aliyouziwa kama mpya ina kutu kwenye mkunjo wa bati. Ilikuwa ile ile ya zamani, imepanguswa kwa petroli ikang'aa. Akaamua mara hii kazi aifanye mwenyewe, uani kwake, na mimi nikaenda kumtazama. Vifaa vyake ni vya kawaida kabisa. Alichokifanya vizuri ni kile ambacho mpita njia asingekiona.

Gari ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ya sentimita za ujazo 1,496. Injini hiyo hiyo iko kwenye Probox na Corolla nyingi zinazozunguka Afrika Mashariki, kwa hiyo haya yatawafaa wengi. Inakunywa takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta.

Hatua za mwanzo nazipita haraka. Aliwasha injini dakika chache ili oili ipate joto na kulegea, akazima, akanyanyua mbele kwa jeki, akaweka stendi mbili na kuzuia matairi ya nyuma kwa magogo. Hapo sina mzaha: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia gari lililo juu ya kifua cha mtu, na tofali la saruji hupasuka bila kukuaga. Bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni ya spana namba 14. Oili ilipokwisha kuchuruzika kwenye besheni alirudisha bolti na washa mpya. Toyota wanataka ikazwe kwa nyutoni-mita 37.5, asiye na spana ya kupimia nguvu atumie spana fupi na mkono mmoja, maana meno ya sampu yakishalika gharama inakuwa nyingine.

Sasa filta. Ni kopo la bati lenye tundu kubwa la meno katikati na vitundu vidogo vinavyolizunguka. Oili huingia kwa vitundu vidogo, hupenya karatasi iliyokunjwakunjwa kutoka nje kwenda ndani, kisha hutokea katikati kuelekea kwenye beringi na sehemu nyingine za injini. Kinachozuia oili yenye shinikizo isirukie nje pale kopo linapokutana na injini ni pete moja ya mpira, basi.

Ya zamani iligoma. Aliyeifunga alitumia nguvu za bure, joto likaoka mpira ukagandamana na chuma. Mkanda wa filta uliteleza, akaukunjia kipande cha msasa ndani, ukashika. Filta ikatoka. Wengi wangeitupa pembeni na kuchukua mpya. Yeye aliigeuza akaitazama mdomo, na mdomo haukuwa na pete. Akapitisha kidole kwenye uso wa injini: mpira ulikuwa umebaki huko juu, mweusi, umelala sawasawa na chuma kiasi kwamba jicho lisingeubaini. Akaubandua kwa kipande cha mbao, kwa sababu bisibisi huchubua uso huo, kisha akapangusa kwa tambara mpaka chuma kikawa cheupe.

Hapo ndipo kazi nzima iliposimama au ingeanguka. Filta mpya ikifungwa juu ya mpira wa zamani, pete mbili hukaliana. Mkono utahisi imekaza vizuri, na injini ikiwa imezimwa hakuna tone litakaloanguka. Ukiwasha, pampu inasukuma, mpira mmoja unateleza juu ya mwenzake, na oili inamwagika yote kabla hujamaliza mtaa. Ndiyo ajali kubwa ya kazi hii, na dawa yake ni kidole kimoja na sekunde tano.

Pete ya filta mpya aliipaka oili safi. Mpira mkavu hukwaruzana na chuma, hujikunja, hukufanya udhani umefika wakati bado. Akaizungusha kwa vidole mpaka ikagusa, akachora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye bati, akaongeza robo tatu ya mzunguko huku akiufuata ule mstari kwa macho. Fundi jirani aliyekuwa anachungulia ukutani hakuvumilia.

"Kaza na mkanda, mdogo wangu, itakuangusha njiani!"

"Kaka, hii haitaki nguvu. Nguvu ndiyo iliyonitesa saa hizi."

Alijibu kwa adabu na alikuwa sahihi. Kipimo cha Toyota kwa filta hiyo ni nyutoni-mita 17.5, chini ya nusu ya ile ya bolti. Mkanda ni wa kufungulia.

Palipobaki mjadala ni kwenye oili. Jirani alishauri 20W-50, kwamba Dar ni joto na gari limezeeka. Dereva alimimina 5W-30, na hapa naungana naye kwa sababu ambayo haisemwi sana gereji. Ndani ya filta kuna vali ndogo ya springi. Oili ikishindwa kupita kwenye karatasi, ama kwa sababu karatasi imeziba ama kwa sababu oili yenyewe ni nzito na bado haijapata moto, vali hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Imetengenezwa hivyo makusudi, maana oili chafu ni afadhali kuliko beringi kavu. Lakini anayejaza oili nzito kupita kiasi kwa nia ya kulinda injini huweza kuwa anaifungua vali hiyo mara nyingi zaidi, hasa akiwasha asubuhi na kukanyaga mafuta papo hapo.

Aliwasha bila kukanyaga. Taa ya oili ilikaa sekunde chache ikazimika, akashuka na tochi kuangalia chini, pakavu. Akazima, akasubiri oili ishuke kwenye sampu, akapima kwa dipstiki na kuongeza kidogo, maana filta ilikuwa imeshajinywea fungu lake.

Kisha akaipasua filta kuukuu, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi. Hakutumia msumeno, kwa kuwa unga wa bati unaoanguka ndani utadhani umetoka kwenye injini. Alitoboa kwa msumari mnene na kukata kwa mkasi wa bati. Karatasi aliitandaza juani, akaikamua, akapitisha sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Sumaku ingenasa vipande vya chuma, labda vya cheni ya injini. Vile vinavyong'aa na kukataa sumaku huenda ni vya beringi, na hivyo ndivyo vya kuogopwa. Hakukuwa na kimojawapo. Kulikuwa na masizi mazito tu, ya karatasi iliyokaa muda wa filta mbili.

Chini ya karatasi kulikuwa na mpira mwingine, ule mwembamba unaofunika vitundu vidogo kwa ndani ili gari likilala usiku oili isirudi kwenye sampu. Aliukunja kwa vidole ukavunjika. Mpira huu ukiwa mzima hukunjika na kurudi. Ukikakamaa hauzibi tena, filta inakauka usiku, na asubuhi injini inazunguka bila oili ya kutosha mpaka kopo lijae upya. Dereva akacheka. Kwa wiki kadhaa injini ilikuwa ikikwaruza kila alfajiri kisha inatulia, na kwenye gereji ile ile iliyomuuzia filta walikuwa wamemwandikia abadilishe cheni.

Cheni hakuibadilisha. Oili chafu aliitia kwenye dumu la lita tano, akamkatalia jirani aliyeiomba aipake kwenye nguzo za banda la kuku dhidi ya mchwa. Oili iliyotumika ina metali na sumu ambazo kuku hawahitaji. Filta iliyopasuliwa aliiweka kwenye buti, ndani ya mfuko, aipeleke gereji kudai hela yake.