Mabawa ya Kudondoka: Uchambuzi wa Vazi la Kumbikumbi Lililoshonwa Ujiji

Mtu atakaye kumvika mtoto vazi la mdudu kwa ajili ya mchezo wa shule yampasa, kabla ya kugusa sindano wala kitambaa, aamue ni tabia ipi ya mdudu yule atakayoiiga, kwa maana mwili wa mtoto, ambao una miguu miwili na mgongo uliosimama, haufanani hata kidogo na mwili wa mdudu, na kila ajaribuye kuiga mambo yote kwa pamoja aghalabu huishia kumtwika mtoto matambara asiyoweza kutembea nayo. Vazi ninalokusudia kulichambua hapa lilishonwa na bibi mmoja wa Ujiji kwa ajili ya mjukuu wake wa kike wa miaka saba, nalo lina kasoro ambazo sitazificha. Lakini katika hilo la kuchagua sijaona mshoni aliyemshinda. Aliazimia kuiga jambo moja la kumbikumbi, yaani kule kupukutisha mabawa yake akishatua, na mengine yote akayafanya yawe watumishi wa jambo hilo.

Mchezo wenyewe ulihusu habari ambayo wanafunzi wa Kigoma hawaachi kuisikia, ya Jane Goodall aliyefika Gombe mwezi wa Julai 1960, na kabla ya mwaka ule kwisha akamwona sokwe mtu akichomeka bua la nyasi katika kichuguu na kulichomoa likiwa limeng'atwa na mchwa. Wako waliouliza kumbikumbi ameingiaje katika kisa hicho, madhali wang'ata bua ni askari wasio na mabawa. Swali ni la haki, na jawabu lake limo ndani ya kichuguu: msimu ambao sokwe mtu huvua mchwa kwa wingi ni ule wa mwanzo wa mvua, Oktoba na Novemba, wakati ambapo kumbikumbi wamekwisha kuota mabawa, na mchwa wafanyakazi wamechimba njia za kuwatolea nje na kuziziba kwa udongo mwembamba wakingojea ardhi ilowe; na zile njia azikwanguazo sokwe mtu kwa kidole ndizo hizo hizo za safari ya kumbikumbi. Kwa hiyo mwalimu aliyetaka kumbikumbi aonekane jukwaani hakukosea.

Na tuzingatie basi umbo la mdudu mwenyewe. Ana mabawa manne yanayokaribia kulingana kwa urefu, yote yamezidi mwili, yote yametoka kifuani, na akipumzika huyalaza bapa mgongoni, moja juu ya jingine. Karibu na shina la kila bawa pana mkunjo, na hapo ndipo bawa hukatikia, likaacha kigutu kidogo kilichobaki mwilini maisha yote. Yeyote aliyefagia baraza asubuhi baada ya mvua ya usiku anayajua mabawa yale, maana hulundikana chini ya taa kuliko wadudu wenyewe. Lakini ni wachache walioinama kuvitazama vigutu, na bibi yule alikuwa miongoni mwao.

Msingi wa vazi ulikuwa kizibao cha marudufu, kilichokatwa kiubane mwili wa mtoto vya kutosha, kisha kikafungwa mbele kwa vishikizo vitatu. Hapa ndipo mavazi mengi ya namna hii huharibika: mshoni huyafunga mabawa kwenye kola au mabegani mwa gauni la kawaida, na mtoto akiinua mikono nguo yote hupanda ikamkaba koo, ilhali mabawa huinama upande. Kizibao kinachobana huugawa uzito kifuani na mgongoni, na kwa kuwa mdudu naye hubeba mabawa na miguu yake yote kwa kifua, manufaa ya mtoto na ukweli wa umbo vilipatana bila ya taabu.

Mabawa yalikatwa katika melimeli kuukuu, nayo ikatiwa wanga wa muhogo. Muhogo mbichi ulikunwa, ukakamuliwa kwa maji katika kitambaa, na maji yale yakaachwa hata weupe ukatuama chini. Weupe huo ukavurugwa kwanza kwa maji baridi, kisha ukatiliwa maji yanayochemka huku ukikorogwa bila ya kusita, mpaka ukaacha kuwa mweupe na kuwa kama ute wa yai. Melimeli ilichovywa humo, ikakamuliwa kidogo, ikawambwa kwa pini juu ya ubao kivulini. Maana juani ukingo hukauka mbele ya kati, na bawa likajikunja lisiweze kunyooshwa tena. Wengine hutumia wavu mkuukuu wa dagaa, ambao kwa macho ni mzuri sana, lakini wanga haushiki vema katika nailoni, na tena harufu ya dagaa haitoki hata kwa ndimu.

Kwa mifupa ya mabawa alitwaa chelewa, zile nyuti nyembamba za majani ya mchikichi ambazo hufungwa kuwa mafagio, wala hazigharimu kitu katika mji uliozungukwa na michikichi. Lakini hakuzungushia bawa lote, kama wafanyavyo wale wapindao waya duara zima na kupata kitu kigumu kisichotikisika. Alishona chelewa mbili pamoja katika ukingo wa mbele tu, akauacha ukingo wa nyuma mlaini, na hivyo ndivyo lilivyo bawa la mdudu mrukaji, gumu mbele na jepesi nyuma, ili hewa ilipepee. Katika kila bawa la mbele aliweka kitanzi cha kidole, mtoto apate kulikunjua kwa mkono. Na bawa la nyuma likaungwa na la mbele kwa uzi mmoja mfupi, likawa linafuata lenyewe.

Sasa tufike kwenye kiungo, ambacho ndicho roho ya kazi yote. Juu ya kizibao, kati ya mabega, alishona vigutu vinne vya marudufu kwa mshono mkazo usiotoka, kila kimoja upana wa vidole vinne; kisha akavishikizia mabawa kwa bandi, mishono mirefu kiasi cha upana wa kidole, na badala ya uzi wa pamba akatumia mshipi wa nailoni, ule ununuliwao na wavuvi wa Kibirizi. Mshipi mmoja ulipita katika mabawa mawili ya upande wa kulia, na mwingine ya kushoto. Ncha ya ndani haikupigwa fundo: iligandishwa kwa tonge dogo la nta ya nyuki. Ncha ya nje ilipita chini ya kwapa hata mbele, ikafungwa ushanga mkubwa wa kushikia.

Hekima ya mpango huu imo katika pande mbili za nguvu. Mtoto akikimbia, upepo huyavuta mabawa kuelekea nyuma, kukingama na safu ya mishono, na kila mshono hubeba sehemu yake, wala mshipi hausogei. Lakini ushanga ukivutwa, nguvu hupita kwa urefu wa safu, nta huachia, na mshipi laini huteleza kutoka mshono hadi mshono mpaka bawa likabaki bila ya kushikwa na kitu. Lau angalitumia uzi wa pamba, ungalikwama katika tundu la kwanza lenye wanga; na lau shina la bawa lingalikuwa pana, mishono ingalikuwa mingi na mkwaruzo wake kumshinda mtoto. Wembamba wa shina, ambao mtu angaliudhania ni urembo tu, ndio uliofanya kazi iwezekane.

Kasoro niliyoiona ipo pale kwapani. Mshipi unapopinda huko husuguana na nguo, na mtoto, ambaye kwa maumbile huvuta kuelekea mbele, hukiinua kizibao badala ya kuuteleza mshipi. Bibi aliligundua hilo katika majaribio akampa mjukuu wake dawa ya maneno: “Vuta chini, mjukuu wangu, kuelekea nyongani.” Dawa ilifaa, walakini pete mbili ndogo za shaba, zilizoshonwa pale mshipi unapopinda, zingalifaa zaidi.

Tumbo lilishonwa kwa kaki ya shati kuukuu, likajazwa sufi, ambayo kwa wepesi haina mpinzani katika vijazio vyetu. Miguu ya kati ilikuwa mifuko miwili ya sufi iliyofungwa kwa uzi kwenye viwiko, ikatikisika pamoja na mikono. Papasi zastahili neno zaidi, kwani karibu watu wote huzifanya ndefu zenye vidonge nchani, na hizo ni za kipepeo; papasi za kumbikumbi ni fupi, za punje zilizofuatana, na bibi alizifanya kwa kutunga shanga nyepesi juu ya chelewa. Katika mji huu, ambao Verney Lovett Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta ukitumia ushanga wa sofi sokoni mahali pa fedha, yaelekea hapakuwa na haja ya kuwaza mara mbili juu ya kitu hicho. Uso ukaachwa wazi, nami naliafiki hilo: kinyago kingalimziba macho na kumtia joto bila ya faida.

Onyo moja halina budi kutajwa. Kumbikumbi hufuata taa, na kila mpangaji wa mchezo hutamani kuweka taa jukwaani. Lakini melimeli iliyotiwa wanga hushika moto upesi, na koroboi au karabai haina nafasi karibu na vazi hili. Taa ya sola iliwekwa, mtoto akaizunguka, akasimama, akavuta shanga zote mbili, na mabawa manne yakaanguka nyuma yake. Kisha akatembea upesi huku mwanafunzi mwenzake, aliyevikwa kizibao chenye vigutu vitupu, akimfuata unyounyo, kama dume wa kumbikumbi amfuatavyo jike kutafuta shimo la kuanzia nyumba mpya.

Mabawa yakitakiwa tena mwakani, yafuliwe wanga wote utoke kabla ya kuwekwa, kwa sababu mende huupenda wanga. Na yatundikwe juu kwa kamba mbali na ukuta wa udongo na sakafu, kwa kuwa pamba na chelewa ni chakula cha mchwa, ambao hawatabagua vazi lililoshonwa kwa heshima ya jamaa zao.