Ukingo wa Bati

Bati la migongo, lile lile tunaloezekea banda la kuku, ndilo msanifu majengo Glenn Murcutt alilolichagua kwa nyumba ya shambani karibu na mji wa Kempsey, Australia, iliyokamilika mwaka 1975. Hakulipaka rangi. Kuta ni za mbao, na nje hakuna pambo hata moja. Kwa miaka mingi nimekuwa nikirudia picha na michoro yake, na kila mara naona kazi ambayo awali ilinipita.

Ni mabanda mawili marefu, membamba, yamelala ubavu kwa ubavu kama mitumbwi miwili, mmoja umetangulia kidogo. Moja ni la kulala, jingine la kushinda. Eneo hilo hufurika, hivyo sakafu imeinuliwa juu ya nguzo fupi. Luva hufunguliwa na kufungwa kufuata upepo.

Lakini tazama paa. Fundi wa kwetu akifika kwenye mgongo wa paa huweka kofia, hupigilia misumari na kushuka. Murcutt alilipinda bati lenyewe likavuka mgongo, na joto la ndani likapata pa kutokea. Halafu upenu. Huko Australia jua la mchana hukaa kaskazini. Kiangazi likiwa juu, upenu hulizuia. Wakati wa baridi likiinama, miale huingia mpaka sakafuni. Urembo wote wa nyumba hiyo umo katika kuamua bati liishie wapi.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa namna hii. Mapambo kama nguzo za mviringo na vichwa vya simba huficha kona iliyopinda. Ukuta mtupu hauna pa kuficha. Bati likikatwa vibaya ukingoni, jicho litakwenda pale pale, leo na miaka ishirini ijayo.

Sisemi tuinakili nyumba hiyo Dodoma au Njombe. Kwetu jua huhama: kuanzia Oktoba hadi Februari liko upande wa kusini wa paa, miezi mingine kaskazini. Upenu wetu unataka kupimwa pande zote mbili, na fundi atakayeupima hivyo hatahitaji simba.

Baadaye Murcutt aliinunua nyumba hiyo yeye mwenyewe, akairefusha. Nimeitafuta katika picha sehemu kazi ya pili inapoungana na ya kwanza. Bado sijaiona.