Kutupa Uchawi au Kumtupa Mtu: Tahakiki ya Somo la Uraia na Maadili Katika Ufipa

Miji mingi ya nchi yetu imepata majina yake kutokana na mito, miti, au watu waliotangulia kufika. Jina la Sumbawanga ni amri. Wenyeji wanaeleza kuwa katika Kifipa maana yake ni "tupa uchawi": yeyote aingiaye na aache nje alichokuja nacho cha kudhuru wenzake. Watu wa mikoa mingine wameligeuza jina hili kuwa mzaha, na kijana wa Kifipa aendaye kusoma mbali hukutana na mzaha huo bwenini tangu siku ya kwanza. Wanaocheka hawajalisikiliza jina lenyewe. Wangelisikiliza wangegundua kwamba ni fundisho la maadili lililobandikwa mlangoni mwa mji.

Hata hivyo amri hiyo ina tafsiri mbili. Mtu aweza kutupa uchawi kwa kuacha nia ya kudhuru na kuacha kumdhania jirani yake ubaya. Aweza pia kudhani kuwa anatupa uchawi ilhali anamtupa mtu: anamfukuza bibi kizee kijijini, anabomoa nyumba yake, au hata anamwua. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki mafunzo ya uraia na maadili katika shule na vyuo vyetu vya ualimu kwa kipimo hicho kimoja. Je, kijana aliyefaulu somo hili anaweza kuzitofautisha tafsiri hizo mbili usiku ule kijiji kinapopiga kelele?

Safari ya Somo

Taifa letu halikuchelewa kuona kwamba shule ina kazi zaidi ya kufundisha kusoma na kuhesabu. Desemba 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Nyerere alitoa mwezi Machi andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imlee kijana awe mtu wa jamii yake, mwenye fikra za kuhoji na moyo wa kushirikiana. Somo la Siasa likashika nafasi yake, likifundishwa kwa Kiswahili. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na vijana wengi waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, wakisaidiwa na masomo ya posta na ya redio.

Mwaka 1992 nchi iliporejea katika mfumo wa vyama vingi, Siasa iliondoka na Uraia ukaingia. Katika shule za msingi, miaka ya 2010, somo likaja kuitwa Uraia na Maadili. Katika sekondari Uraia ulifundishwa kwa Kiingereza. Sasa, kwa mtaala wa mwaka 2023 ulioanza kutekelezwa Januari 2024, limeletwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Tunaupongeza uamuzi huo wa lugha. Kwa miaka mingi tulimtaka kijana wa kidato cha kwanza aeleze haki zake kwa lugha ambayo hawezi kuitumia kumwombea jirani yake maji. Haki ambayo mtu hawezi kuitamka kwa lugha anayogombea, anayobembeleza na anayoshuhudia ni haki iliyo kitabuni tu.

Lakini kubadili jina na lugha ni kazi ya siku chache. Kazi kubwa ni kubadili namna ya kufundisha, na hapo ndipo tahakiki yetu inapoanzia.

Ugonjwa wa Fasili

Ingia katika darasa lolote wakati wa somo hili. Aghalabu utakuta ubaoni: "Maadili ni nini? Taja mambo matano yanayosababisha mmomonyoko wa maadili. Eleza umuhimu wa uzalendo." Wanafunzi wananakili, na siku ya mtihani wanarudisha kilekile walichopewa. Katika shule moja ya uwanda huu wa juu tulimsikia mwanafunzi mwerevu akizitaja haki za binadamu moja baada ya nyingine bila kukosea. Alipoulizwa kama mwizi aliyekamatwa sokoni anazo haki hizo, alinyamaza, kisha akauliza: "Hiyo nayo iko kwenye mtihani?"

Kijana huyo hana lawama. Anajibu kama alivyofundishwa. Amepewa fasili, hajapewa kesi. Na maadili hayapimwi kwa fasili. Hupimwa pale ambapo jambo moja jema linagongana na jingine, kama vile utii kwa wazee unapogongana na ukweli, au upendo wa ndugu unapogongana na haki ya jirani. Hakuna mtu katika Ufipa, wala kwingineko, aliyewahi kufanya uovu kwa sababu alisahau mambo matano ya kutaja.

Kipimo cha Kijijini

Tuchukue kesi iliyo hai. Katika miaka ya 1930 harakati za watafuta wachawi zilizotoka Nyasaland ziliingia katika nchi hizi. Zilirudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la Kamchape, na mtafiti Roy Willis, aliyeishi Ufipa wakati huo, akaandika habari zake mwaka 1968. Watu hao walifika vijijini, wakawakusanya wakazi, wakawataka watoe pembe na dawa zao, wakawachanja chale ili wasiweze kudhuru wala kudhuriwa tena. Wengi waliwapokea kwa furaha. Waliahidi jambo lilelile ambalo jina la mji linaliamrisha: kutupa uchawi. Katika mikoa ya magharibi waganga wa namna hiyo wameendelea kuonekana hadi karne hii, wakiitwa Kamchape au Lambalamba.

Hatuwezi kuwacheka wanakijiji waliowapokea. Mtoto akifa ghafla, ng'ombe wakianguka, ulezi ukikauka, moyo wa mtu hutafuta sababu, na sababu yenye uso hushikika upesi kuliko homa isiyoonekana. Ila uso huo huchaguliwaje? Aghalabu huwa ni wa mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia familia yake miaka hamsini. Wakati mwingine ana kipande cha shamba ambacho mtu mwingine anakitamani. Na imani hiyohiyo ya kutafuta bahati au usalama katika mwili wa mwingine ndiyo iliyoleta ukatili dhidi ya ndugu zetu wenye ualbino, ukatili ulioitikisa nchi tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Mkoa wa Rukwa haukusalimika.

Sasa tufungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Haki za msingi ziliingizwa humo mwaka 1984. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka itakapothibitika kuwa anayo. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu azitii Katiba na sheria. Wanafunzi wetu wanafundishwa mambo haya. Lakini ni nani aliyewaambia kwamba Ibara ya 13 inamhusu yule bibi wa mwisho wa kijiji? Katika vitabu vingi, mtu mwenye haki hana jina, hana jirani, hana macho mekundu. Raia hufundishwa kama kivuli, na kivuli hakiwezi kuokolewa.

Walimu Wetu wa Zamani

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni kurudi kwenye mila. Tunakubali nusu. Mila ya Ufipa ina hazina kubwa. Mkulima wa Kifipa hulima ntumba: huyageuza majani na udongo kuwa matuta ya duara, majani yakaoza ndani yake, na msimu ufuatao akayatawanya shambani yalishe ulezi. Anafanya kazi mwaka huu kwa ajili ya chakula cha mwaka ujao. Mafundi wa chuma wa zamani walijenga matanuri marefu ya udongo, kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja. Subira na ushirikiano ni maadili yaliyoishi mikononi mwa watu kabla hayajaandikwa katika muhtasari wowote. Lakini zamani hizohizo nchi za kusini-magharibi zilijua pia kiapo cha mwavi, ambapo mtuhumiwa alinyweshwa sumu, na tumbo lake likawa ndilo hakimu. Anayesifu mila bila kuihakiki hulea pamoja mbegu na magugu.

Tunachopaswa kurithi hasa ni namna wazee walivyofundisha. Chukua hadithi ya asili ya utawala wa Ufipa. Ntatakwa, mtawala wa kwanza, aliishi Milansi. Siku moja alikwenda kuwinda. Wakafika wanawake wageni, mkewe akawapokea, nao wakakikalia kiti cha utawala. Ntatakwa aliporudi alikuta nchi imekwisha chukuliwa. Hakumwaga damu, walipatana, wageni wakatawala nchi, naye akabaki na Milansi na heshima yake.

Mwalimu mwenye haraka ataandika ubaoni: "Funzo: usiwaamini wageni." Ameiua hadithi. Je, mke alikosea kwa kuwa mkarimu? Kuchukua kiti kwa hila ni utawala halali? Ntatakwa aliyeacha kupigana alikuwa mwoga, au ndiye aliyeiokoa nchi? Hadithi haijibu. Inawaachia wasikilizaji wabishane kando ya moto, na katika ubishi huo ndimo mtoto anapojifunza kupima.

Methali nazo ni hivyo. Tunazifundisha kana kwamba kila moja ni sheria. Lakini "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" imewahi kutumiwa kuthibitisha uvumi mwingi, ilhali "Msema pweke hakosi" inatuonya tusihukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Ziweke methali hizi mbili ubaoni pamoja, uwaulize wanafunzi ni ipi inayofaa mbele ya mtu anayetuhumiwa uchawi. Saa moja ya mjadala huo yazidi mwezi mzima wa kunakili.

Na fasihi yetu andishi haina upungufu. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka 1951, Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta manufaa ya nchi, na waliporudi wakalipwa mateso. Wanafunzi wetu wanajua kutaja dhamira na wahusika wa kitabu hiki. Wachache wameongozwa kuona kwamba Karama ni ndugu wa yule bibi: wote wawili wamehukumiwa na minong'ono kabla ya kusikilizwa. Karama alipewa nafasi ya kusema. Bibi, je?

Kazi ya Chuo cha Ualimu

Hatuwezi kumdai mwalimu kitu ambacho chuo hakikumpa. Mwanachuo hujifunza kuandaa andalio la somo, kuandika malengo na kutumia zana. Yote ni mema. Lakini aghalabu hapewi mazoezi ya kuongoza ubishi bila kuuzima na bila kuuacha uwake ovyo. Huo ni ufundi, kama ulivyo ufundi wa tanuri: hewa ikizidi unaunguza, ikipungua chuma hakiyeyuki.

Tunapendekeza kwamba kila mwanachuo, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, aandae kesi moja ya mahali anapokwenda, bila kumtaja mtu wa kweli, na ajizoeze kuuliza maswali machache. Ni nini kilichoonekana kwa macho, na ni nini kilichosikika tu? Nani hajasikilizwa? Nani atafaidika mtuhumiwa akiondoka? Sheria inasema nini? Na swali la mwisho, lililo zito kuliko yote: wewe utafanya nini leo usiku, na utamwambia nani kesho asubuhi? Mkaguzi amhukumu mwalimu kwa maswali ambayo wanafunzi wanayauliza, zaidi ya majibu wanayoyakariri.

Wapo walimu watakaohofu. Watasema wazazi watakasirika, au kwamba serikali haitambui uchawi, basi hakuna cha kujadili. Kwa hofu ya kwanza tunajibu kwamba mwalimu hamfundishi mtoto kumdharau mzazi wake, anamfundisha kumwuliza kwa adabu, "Baba, tumeona kwa macho?" Kwa hoja ya pili tunajibu kwamba, uchawi uwepo au usiwepo, jiwe linalorushwa juu ya paa la bibi lipo. Huyo anayerusha alisoma shule zetu. Alikaa kwenye madawati yetu, na pengine alipata alama nzuri katika Uraia.

Hapo ndipo somo hili linapopimwa, wala si katika matokeo ya mtihani yatokayo mwisho wa mwaka. Jina la Sumbawanga limekwisha toa amri. Shule imetolewa na taifa ili iwe mfasiri wake. Ikifasiri vibaya, tutaendelea kuwafukuza watu na kubaki na hofu yetu. Ikifasiri vema, kijana mmoja atasimama usiku mlangoni pa bibi asiye na mwana, awaambie wenzake wamsikilize kwanza.