Kati ya "Amehitimu" na "Hajapata": Msomi Asiye na Kazi katika Riwaya na katika Usemi

Mji wa Thika, ulio karibu na mahali ambapo mito ya Chania na Thika hukutana, ulijulikana ulimwenguni kwa kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotolewa mwaka 1959. Humo nchi hiyo inatazamwa kwa macho ya mtoto wa mlowezi. Tangu wakati huo sura ya mahali imegeuka. Barabara kuu itokayo Nairobi, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012, hupita Kahawa penye Chuo Kikuu cha Kenyatta, ikapita Ruiru, kisha Juja penye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, hata ikafika Thika penye Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Anayetembea kando ya barabara hiyo leo na bahasha ya vyeti mkononi, akipita kutoka lango la kiwanda hadi lango la kiwanda, ni kijana aliyehitimu. Makala haya yanakusudia kuchunguza nafasi aliyopewa kijana huyo katika fasihi, na namna anavyosemwa katika lugha.

Riwaya ya Kiswahili ilimtambua msomi mapema. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anamleta Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni. Mwanzoni mwa riwaya Kazimoto amekwenda kuomba kazi ya muda katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, naye Mkuu huyo ni Manase, kijana mwenzake. Hapa mwandishi ameshika jambo la kweli. Mwombaji anajiona mdogo mbele ya mlango ambao aliye ndani hakumzidi umri wala akili. Lakini kadiri hadithi inavyoendelea, mlango huo unasahauliwa. Mashaka ya Kazimoto yanapanda hadi kwenye maswali ya maana ya maisha na kuwako kwa Mungu, na mwisho anajiua. Wahakiki wengi wamemfuata huko juu, wakaijadili falsafa yake kwa kirefu, na ile ofisi ya mwanzo wakaiacha nyuma. Hiyo ni hasara, kwa kuwa falsafa ya Kazimoto haikuzuka hewani. Mtu aliyekwisha kuomba na kungojeshwa ana sababu ya kuuliza thamani yake ni nini.

Meja Mwangi alifuata njia nyingine katika Kill Me Quick (1973), riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza. Meja na Maina, waliomaliza shule ya sekondari, hawabishani juu ya maana ya maisha. Wanatafuta chakula katika mapipa ya taka ya Nairobi. Aibu yao inaonyeshwa kwa vitendo vidogo, na kubwa kuliko zote ni ile ya kushindwa kurudi kwa wazazi waliouza walichokuwa nacho ili kulipa karo. Ubora wa riwaya hii ni kwamba mashaka ya nafsi hayatengwi na njaa. Upungufu wake, kwa msomaji wa Kiswahili, ni kwamba aibu hiyo imesemwa kwa lugha ambayo vijana hao waliisomea shuleni, wala si ile wanayoonea aibu.

Kiswahili kina nyenzo zake za kuieleza hali hii, nazo zimo katika sarufi yenyewe. Husemwa: "Amehitimu, lakini hajapata kazi." Kiambishi -me- chaonyesha tendo lililokamilika ambalo hali yake ingalipo, -ja- katika ukanushi chaonyesha tendo lisilotimia ambalo bado linangojewa. Kijana anaishi kati ya viambishi hivi viwili. Jirani akimwuliza, "Umepata?", yeye hujibu, "Bado." Maadamu watu wanasema "hajapata", wamemwachia tumaini. Siku wanapoanza kusema "hana kazi", tumaini hilo limeondolewa katika sentensi, na ukosefu umekuwa sifa yake, kama vile mtu asemwavyo kuwa hana mkono. Mwenyewe husikia badiliko hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nchini Kenya limezuka pia neno "kutarmaki", kutokana na lami ya barabarani. Wasanifu wa lugha huenda wakalikataa kwa kuwa ni la mkopo na la mitaani. Hata hivyo linastahili kuchunguzwa. "Kutafuta kazi" kuna yambwa: kazi imetajwa. "Kutarmaki" hakuna yambwa. Kumebaki mwendo na barabara tu, na kile kinachotafutwa kimepotea ndani ya kitenzi. Walioliunda neno hili walieleza uchovu ambao makamusi hayajaupatia neno.

Yawezekana mhakiki mwingine akateta kwamba nauli, viatu vilivyochakaa na barua zisizojibiwa ni mambo madogo mno, na kwamba kazi ya fasihi ni kufichua mfumo unaoyazaa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mfumo haumfikii kijana wa Ruiru kwa jina lake. Humfikia kwa sura ya askari wa langoni asemaye nafasi zimejaa, na ya mama asiyeuliza tena. Riwaya inayorukia mfumo bila kupita langoni humwacha msomaji huyo akidhani kwamba kosa ni lake peke yake, na dhana hiyo ndiyo inayomwumiza zaidi.

Kwa hiyo yafaa uhakiki urudi ofisini kwa Manase na kuisoma upya sehemu ile kama kiini cha riwaya. Nao walimu wa lugha katika vyuo vya barabara hiyo wana wajibu ulio karibu zaidi: kukusanya usemi wa wahitimu wao wenyewe, ambao wengi wao wangali wanapita mbele ya madirisha ya madarasa waliyosomea, wakijibu, "Bado."