Ampi ya Besi: Tazama Boksi Kwanza

Mpiga besi akiingia dukani, swali lake la kwanza ni wati. Bora aanze na boksi la spika. Vijana wengi wa bendi humalizia akiba yao kwenye kichwa, ile sehemu yenye vifundo, kisha hukichomeka kwenye spika yoyote iliyopo ukumbini. Hesabu inawasuta: ukitoka wati 250 hadi 500, sauti hupanda desibeli 3 tu, hatua ndogo kwa sikio. Boksi linalogeuza sehemu kubwa zaidi ya umeme kuwa sauti laweza kukupa desibeli hizo 3 bila kuongeza hata wati moja.

Ndiyo maana mabishano ya ampi za zamani na za kisasa huwa nayaanzia kwenye boksi. Inayotajwa na kila mtu ni Ampeg SVT iliyotoka Marekani mwaka 1969: wati 300, valvu 14 (zile taa za kioo zinazokuza sauti), kichwa kinachokaribia kilo 40, na chini yake boksi la spika 8 za inchi 10 linalopita kilo 60. Rolling Stones walizunguka nayo Marekani mwaka huohuo, enzi ambazo besi ya jukwaani ilitegemea zaidi ampi yenyewe ili iufikie umati. Sifa yake ni kishindo. Lakini ukilipima boksi hilo lililozibwa pande zote, nguvu yake huanza kushuka kwenye hezi 58 hivi, ilhali uzi wa E ukipigwa mtupu hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Uzito unaousikia, basi, unatokana zaidi na sauti za juu zinazozaliwa na noti ileile, na hizo ndizo zinazopenya kati ya magitaa, kinanda na dramu. Anayetafuta "chini" peke yake atarudi nyumbani na boksi linalotikisa meza za wateja huku hakuna anayejua ni noti gani imepigwa.

Ukale nao si cheti cha ubora. Fender Bassman ya 1959 inatafutwa kwa udi na uvumba, na jina lake linaonyesha ilikusudiwa besi. Mgongo wake uko wazi: sauti ya chini inayotokea nyuma hukutana na ya mbele, zikapunguzana. Wapiga solo ndio walioipenda, na duka la Jim Marshall jijini London likafuata mchoro wake kutengeneza ampi ya JTM45. Ukipewa Bassman ya urithi, mkopeshe mpiga solo wenu. Tena huenda sauti unayoifukuzia haikutoka kwenye ampi yoyote. James Jamerson, mpiga besi wa lebo ya Motown, alitumia Ampeg B-15 kwenye klabu ndogo, lakini sehemu kubwa ya besi yake ya kwenye santuri iliingia mixa moja kwa moja.

Ubora wa ampi ya valvu unaonekana ukiisukuma. Haikatiki ghafla, hubana kidogo kidogo, ncha ya noti ikalainika, na hata ikianza kukwaruza haikeri. Vichwa vya kisasa vya klasi D, vinavyotumia transista, vingi vikiwa na uzito usiofika kilo 3 na wati 500 au zaidi, hubaki safi karibu hadi mwisho, kisha limita hushika breki. Kizuri na kibaya hutofautiana hapo. Pandisha sauti hadi kiwango mnachopiga mpiga dramu akishapata moto, kisha sikiliza mwanzo wa kila noti: bado una pigo, au umefinywa? Jaribio la sauti ya chumbani halikuambii lolote.

Ya zamani inataka ukaguzi wa mkono. Iwashe bila kupiga kitu. Mvumo mdogo vumilia. Mkubwa aghalabu ni dalili ya kapasita zilizozeeka. Gonga valvu moja moja taratibu kwa penseli, na ambayo mguso wake unalia sana kwenye spika huenda imechoka. Usiingize kidole kwenye chasisi, maana kapasita huweza kubaki na mamia ya volti hata plagi ikishachomolewa. Kisha zima, fungua wavu wa boksi, tawanya vidole vya mikono yote miwili juu ya koni na uisukume ndani polepole, sawasawa. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa kucha kwenye gunia, koili imeungua au imekaa upande. Punguza bei au ondoka.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna la ziada. Ampi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120, pungufu ya umeme wetu, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma, usisome uso wa muuzaji. Transfoma ya kushusha umeme ni mzigo mwingine juu ya kilo 40. Vichwa vingi vya kisasa hupokea volti 100 hadi 240 na havibabaiki sana jenereta likilegea. Ampi ya valvu hubabaika, na ukiiwasha bila spika unaweza kuunguza transfoma yake.

Kwa bendi inayobeba vyombo vyake yenyewe, nachagua kichwa cha kisasa na boksi la gharama. SVT naiachia bendi yenye ukumbi wake na fundi wake. Jambo moja tu linanifanya nisite: ampi ya valvu hufunguliwa na fundi redio yeyote mzoefu, akabadilisha kilichokufa, ilhali klasi D ikifa mara nyingi huhitaji bodi nzima, nayo huagizwa nje. Mwenye nayo atembee na kisanduku cha DI, kinachounganisha besi na mixa moja kwa moja, kwenye begi, ili kichwa kikizimika katikati ya wimbo, besi iingie mixa na fundi mitambo amrudishie kwenye monita.